Uwanja wa Kuanikia

Miaka yangu yote ya kazi niliishi kwenye nyumba za serikali, na nilizichukia zote bila upendeleo. Kila kituo walichonipeleka nilikuta kota ileile: ukuta uliopakwa rangi ya udongo hadi kiunoni ili uchafu usionekane, bomba linalokohoa asubuhi, na jirani aliyejifungia nyuma ya wigo wake kama nami nilivyojifungia nyuma ya wangu. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa naondoka alfajiri nimeshaanika nguo, mvua inashuka mchana, na jioni nazikuta kambani zinachuruzika maji, ilhali mke wa jirani alishinda nyumbani. Sikumlaumu. Hata mimi zake sikuwahi kumwanulia.

Kwa hiyo nilipokaribia kustaafu nilikuwa na hamu moja tu, nayo ilikuwa nyumba yangu mwenyewe, yenye geti langu mwenyewe, ambalo ningelifunga na kulifungua nipendavyo. Wenzangu walidhani nitarudi Dodoma nilikozaliwa. Watoto wangu nao walidhani hivyo, wakaanza hata kunitafutia kiwanja. Lakini mtu aliyekulia kwenye nchi ya kuchimba mchanga wa mto mkavu ili apate ndoo ya maji, ukimweka miaka kumi na zaidi kando ya Ziwa Tanganyika, huwezi tena kumrudisha kirahisi. Siku niliposhuka kwenye treni Kigoma kwa uhamisho nililia. Wiki moja baadaye nilisimama Kibirizi, pale zinapopakia boti za kwenda kaskazini, nikayatazama yale maji yanayoonyesha mawe ya chini kabisa, nikaona aibu kwamba nililia.

Nyumba niliiona kazini. Kila mwezi tulikuwa tunakwenda na boti kwenye vijiji vya kaskazini kutoa chanjo na kupima wajawazito, tunapita chini ya msitu wa Gombe, tunafika Mwamgongo, na ziwa likikubali tunaendelea hadi Kagunga mpakani. Tulikuwa tunakwenda siku za mbalamwezi. Huko dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka mno dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi huzivuta boti nchi kavu na kupumzika mpaka giza lirudi. Ukitaka kuwakuta watu nyumbani wametulia, unakwenda mbalamwezi. Idara yetu ililijua hilo, na ratiba ikapangwa hivyo tangu kabla yangu.

Mwamgongo kimejibana kati ya mlima na maji. Nyumba zimepanda mlimani moja juu ya nyingine, hata ukikaa mlangoni kwako unatazama bati la aliye chini yako. Tambarare ni kitu cha kutafuta. Sasa fikiria nilivyoshangaa nilipoiona, kwenye ncha ya kaskazini ya kijiji, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mlango wa buluu, imekaa juu ya kiinuko, na mbele yake uwanja mpana uliosawazishwa na kumwagwa changarawe nyeupe safi, kila punje karibu sawa na mwenzake, hadi ukingoni mwa maji. Hakukuwa na mtu, kitu wala jani. Baraza lake lilikuwa kubwa kuliko vyumba vyote vya ndani vikiunganishwa, limeezekwa bati kwa namna ambayo sikuielewa. Nani anajenga baraza la watu hamsini kwenye nyumba ya vyumba viwili? Niliona tu kwamba aliyejenga alikuwa na akili ya kupenda upepo, nami napenda upepo.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mjane. Alikuwa anakuja kupimwa presha kila tukifika, anapandisha ngazi za zahanati akisimama kila baada ya hatua chache kuyakemea magoti yake. Mwezi mmoja akaniambia anauza. Binti yake yuko Ujiji, kwenye mtaa tambarare usio na kupanda wala kushuka, na amemwambia aende akae huko. Nilikuwa nimemfunga ule mkanda wa presha mkononi, na nadhani siku hiyo mimi ndiye niliyestahili kupimwa.

Sikusubiri. Nilimwambia palepale kwamba nyumba naitaka. Akasema sawa, lakini majirani lazima wakae kikao, na wataweza kukaa mbalamwezi ijayo wanaume wakiwa nchi kavu. Jioni nilimpigia simu binti yangu mkubwa. Akaniuliza huko nikiugua nitapelekwa hospitali na nini. Nikamjibu na boti. Na ziwa likichafuka? Nikamwambia nitangoja litulie, si nimekuwa nikiwangojesha wagonjwa wengine miaka yote? Hakucheka.

Mwezi ule niliishi ndani ya ile nyumba kichwani. Nilipanda maua ya kuzunguka uwanja. Nilijenga ukuta mfupi wa mawe upande wa ziwa. Niliweka geti, nikalipaka buluu lifanane na mlango, na katikati ya changarawe nyeupe niliweka kiti changu kimoja.

Kikao kilifanyika barazani kwa bibi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na majirani wa pande zote, maana kwa desturi ya pale nyumba haiandikwi jina la mtu mpya mpaka wanaopakana nayo waseme wameona na wameridhika. Tulisalimiana kwa Kiha changu kibovu, nikasema mwakeye kwa kila mtu, wakanihurumia wakaendelea kwa Kiswahili. Mwenyekiti akanichukua tukatembea mipaka. Nyuma, kwenye migomba, sawa. Upande wa jiko, sawa, mpaka kwenye mchikichi. Tulipofika mbele akasimama kwenye ukingo wa baraza, akaonyesha kwa mguu, akasema mpaka ni hapa.

Nilidhani anapumzika. Nikamuuliza, na uwanja?

Akasema uwanja ni wa kuanikia, hauhusiki.

Mimi ni mtu mwepesi wa hasira, sijifichi. Nilihisi nimefanywa mjinga mbele ya watu. Nilisema, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi kwenye boti, kwamba sijapata kuona mtu akiuziwa nyumba akakatwa uwanja, na kama ninanunua paa basi wanifungie nilibebe. Wale wanaume wakatazama chini. Wanawake hawakutazama chini, walinitazama mimi. Bibi akasubiri nimalize, kisha akasema neno ambalo nalikumbuka kama lilivyotoka.

"Mwanangu, hata mimi sikuuziwa huo uwanja. Nilipoolewa hapa niliukuta una watu."

Nikamjibu kwamba miaka yote ninayokuja hapa sijamwona mtu hata mmoja kwenye uwanja huo.

Pale mmoja wa wanawake alishindwa kujizuia, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nilizidi kukasirika kwa kuwa sikujua kinachochekesha. Bibi ndiye aliyenieleza, taratibu, kama mtu anayemwongoza kipofu kwenye kizingiti. Alisema wewe unakuja mbalamwezi. Mbalamwezi hakuna dagaa. Wewe kijiji hiki umekijua kikiwa kimelala. Akasema nirudi wakati wa giza, nikae kwake kama mgeni, nione, ndipo niseme kama naitaka au siitaki. Na kabla ya hapo hatapokea chochote changu.

Nilirudi mjini nimenuna. Nilijua pia kwamba kuna mfanyabiashara wa Kigoma anayeitaka nyumba ileile ili ajenge vyumba vya wageni wanaokuja kutazama sokwe. Yeye alikuwa tayari kutoa zaidi yangu, na watu walisema bibi amemkataa mara mbili. Lakini magoti ya bibi yalikuwa yanazidi kuharibika na binti yake anampigia kila siku. Nikawaza, nikiendelea kununa, siku moja huyu bibi atachoka kukataa. Hiyo ndiyo iliyonifanya nimeze kiburi changu. Nikaomba likizo, nikapanda boti wakati wa giza, peke yangu, bila sanduku la chanjo.

Nililala kwenye chumba cha pili. Alfajiri niliamshwa na kelele ambazo sikuwahi kuzisikia mahali pale. Nikatoka barazani na kanga yangu begani, nikasimama.

Boti zilikuwa zinaingia na taa zao bado zinawaka, wavuvi wameloa, na wanawake wako majini hadi magotini na mabeseni vichwani, wanapatana bei kwa lugha tatu kwa mpigo. Kiha, Kirundi na Kiswahili vilikuwa vinapishana juu ya dagaa wanaometa. Kisha wakapanda kwenye kiinuko, kwenye uwanja wangu, ule niliokuwa nimeupandia maua kichwani. Kila mmoja alikwenda mahali pake bila kuuliza wala kusukumana, ingawa hakukuwa na kamba, jiwe wala alama yoyote ninayoweza kuionyesha. Waliwarusha dagaa kwa mkono mmoja, kwa mzunguko mfupi wa kiganja, na dagaa walitua wametawanyika vizuri, hakuna aliyempanda mwenzake. Nilijaribu baadaye. Wangu walitua rundo.

Nilielewa changarawe siku hiyo. Kwenye mchanga dagaa hushika punje, na mlaji anatafuna mchanga mpaka anachukia samaki. Kwenye changarawe anakauka juu na chini, hewa inapita. Wale wanawake, na mama zao kabla yao, ndio walioiokota ziwani, wakaichekecha, wakaiosha na kuipandisha kwa mabeseni, na kila ikizama ardhini wanaongeza. Zamani walikuwa na ufukwe mrefu wa kuanikia, wakautumia huu uwanja kwa nyongeza tu. Lakini miaka hii ziwa limepanda, limekula ufukwe pamoja na vibanda na michikichi ya watu, na kwa upande ule wa kijiji hapakubaki tambarare nyingine. Niliyekuwa naota geti nilikuwa naota kufunga jiko la nyumba kumi na kitu.

Hata hivyo, nikiri, hadi hapo nilikuwa nimestaajabu tu, sijageuka. Nilikuwa nakaa barazani na chai yangu ya mkandaa, isiyo na maziwa, nikiwaza kwamba harufu ni kali, kwamba nitaishije hapa. Mvua ndiyo iliyonigeuza.

Pale mlima uko nyuma ya kijiji, na mvua inakuja kutokea nyuma ya mlima, kwa hiyo walio chini wanaona anga safi ya ziwa mpaka wingu liwafikie utosini. Wanaoiona mapema ni waliopanda mashambani kwenye mihogo. Mchana ule nilisikia sauti ya mwanamke kutoka juu kabisa, ikapokewa na nyingine chini yake, na nyingine, ikashuka mlimani shamba kwa shamba hadi ikatufikia. Bibi aliweka kikombe chini. Alisema mvua imetanda, inuka.

Walitoka kila mlango. Walikuja na mafagio, na maturubai, na mabeseni, na wengine na mikono tu. Nilitazamia kila mmoja akimbilie dagaa wake, kama ningefanya mimi, kama angefanya mtu yeyote niliyewahi kupakana naye. Hawakufanya hivyo. Wote kwa pamoja walikwenda kwenye kipande kimoja cha katikati, wakakikusanya chote mpaka changarawe ikabaki tupu, wakakipandisha barazani, ndipo wakatawanyika kila mtu kwenye chake. Mimi nilikuwa nimeshashika fagio bila kujua nimepewa na nani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, magoti yake yamenyooshwa mbele, anaelekeza kwa fimbo: hawa nguzo ya kwanza, hawa ukutani, hawa wasichanganywe na wale. Baraza lile kubwa lisiloeleweka likajaa vichuguu vya dagaa, kila kimoja na mwenyewe. Mvua iliposhuka ilikuta uwanja mtupu, isipokuwa pembe moja ambayo hatukuiwahi.

Tulisimama tumebanana barazani, tumeloa, tunanuka wote sawa. Nikamuuliza bibi kile kipande cha kwanza kilikuwa cha nani, nikidhani ni cha mkubwa fulani. Akasema ni cha mama mmoja aliyempeleka mtoto hospitali Kigoma tangu jana. Dagaa wake wameanikwa na jirani.

"Tunaanza na wa asiyekuwepo," akasema. "Aliyepo anaweza kukimbia mwenyewe."

Alisema hivyo akiwa anakamua kanga yake, kama anayeniambia chumvi iko kabati gani. Mimi nililazimika kugeukia ukutani. Nilikuwa nimefanya kazi ya kuhudumia watu maisha yangu yote, nimeapishwa kwa kazi hiyo, na nimeona uungwana wa kila aina kwenye wodi, lakini uungwana uliopangwa kwa utaratibu mzuri namna ile, usiomngoja mtu mwema atokee, sikuwa nimeuona. Niliwapenda watu wale siku hiyo, nalisema wazi. Nikamwambia bibi naitaka nyumba, mpaka wake ukiwa ukingo wa baraza.

Akaniuliza, na baraza?

Nikamwambia baraza nalo sitalizungushia kitu.

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na magamba ya dagaa, na wangu pia. Akasema alikuwa anaogopa kufa Ujiji akisikia kwamba amewauza wenzake. Kisha akaniuliza kama chai bado ipo.

Tuliandikishana mbalamwezi iliyofuata, majirani wote wakatia saini, na yule aliyenicheka akawa shahidi wangu wa kwanza. Bibi aliondoka na boti ya asubuhi, kabebwa kwenye kiti na vijana wanne kama bibi harusi, anawagombeza njia nzima kwamba watamwangusha. Sasa ananipigia kutoka Ujiji karibu kila siku msimu wa mvua. Hanisalimii vizuri hata. Nikisema shikamoo mama anasema marahaba, huko kumetandaje?

Niseme pia yasiyopendeza. Harufu sijaizoea yote. Kunguru ni wezi na wana kelele. Wiki ya giza hakuna kulala baada ya alfajiri, na kiti changu cha kwenye ndoto hakijawahi kukaa katikati ya uwanja isipokuwa mbalamwezi, ambapo nakiweka pale jioni, natazama milima ya Kongo ng'ambo, na najiona tajiri. Binti yangu alikuja kunitembelea na kutapika kwenye boti, akakaa siku tatu, akaondoka na mfuko mzima wa dagaa na hakusema tena habari za kiwanja cha Dodoma.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililokuwa nalo rohoni tangu nihamie. Majirani walinisaidia kubeba vitu, waliniletea mihogo na mawese, waliniita mama. Bado nilijua mimi ni mgeni aliyenunua. Nilikuwa ninakimbia na fagio mvua ikija, nao wananishukuru, na ile shukrani ndiyo iliyonisumbua, kwa kuwa wao kwa wao sikuwasikia wakishukuriana.

Msimu wa mvua za kwanza nilikwenda mjini kufuatilia mafao yangu. Ulikuwa wakati wa giza, uwanja umejaa dagaa. Asubuhi nilikuwa nimefua mashuka na magauni yangu yote na kuyaanika kwenye kamba kando ya jiko, nikasahau kabisa, kichwa kikiwa kwenye mafao. Nilikumbuka nikiwa ndani ya boti kurudi, mvua kubwa imetukuta chini ya Gombe, tumejifunika turubai moja abiria wote. Nikasema basi, mashuka yamekwisha. Nilishazoea. Ni mambo ya kota hayo.

Nilipanda kutoka majini nimelowa chapachapa. Kamba yangu ilikuwa tupu. Barazani, katikati ya vichuguu vya dagaa, mahali pakavu kuliko pote, palipokuwa na turubai safi, mashuka na magauni yangu yalikuwa yamekunjwa na kupangwa, na juu yake kumewekwa beseni yasipeperuke. Halafu nikaona uwanja. Vipande viwili vizima vya dagaa vilikuwa bado kwenye changarawe, vimenyeshewa, vimeharibika. Kimoja kilikuwa cha yule jirani aliyenicheka siku ya kikao. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti changu anakausha kichwa kwa kanga.

Nilimuuliza, nikiwa karibu kumgombeza, kwa nini wamepoteza muda na matambara yangu wakaacha chakula kinyeshewe. Nguo zikiloa si zinakauka kesho?

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Si hukuwepo?" akasema.

Akasogea ili nipite niingie ndani kubadili nguo. Shuka nililojifunika siku ile lilinuka dagaa kuanzia pindo hadi pindo, na sikulifua tena.